Bomba la PVC halina neno sana, muulizeni aliyelitengeneza

Haya jamani tuanze, mliokaa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo ni PVC, ile plastiki ya mabomba ya maji, ganda la nyaya za umeme, na vingine kibao mnavyovijua. Kila nikienda mahali naulizwa bomba hili litanipa kansa? Mi naona tunahangaika na bomba bure, likishakamilika ile gesi yenye sumu lililotengenezwa nayo inayobaki ndani ni kidogo mno, balaa liko kwa anayelitengeneza na anayelichoma.

PVC inatokana na gesi inaitwa vinili kloridi. Pale Louisville, Kentucky, Marekani, kiwanda cha B.F. Goodrich, gesi ilikuwa inapikwa kwenye matangi makubwa mpaka inakuwa unga, sasa unga mwingine unagandia ukutani kwa hiyo mtu anaingizwa mle ndani na kikwangulio akwangue kwa mkono na gesi bado imo. Kwenye kazi hiyo wengine mifupa ya ncha za vidole iliyeyuka kabisa, alafu Januari 1974 ikatangazwa kuna wafanyakazi watatu wamekufa kwa kansa ya ini ya aina adimu mno, ile daktari anaweza kustaafu hajaiona hata mara moja. Aliyeshtuka ni daktari wa kiwanda, John Creech. Na kumbe huko Italia mtafiti mmoja, Maltoni, alishaiona kwa panya, kampuni zikaambiwa, zikanyamaza! Baada ya hapo ndo kiwango kinachoruhusiwa kwenye hewa ya kazini kikashushwa kutoka sehemu 500 kwa milioni hadi 1. Na gesi hiyohiyo ilikuwa inawekwa kwenye spreyi za nywele, dada zangu mpo?

Mpira wa matairi nao mwingi unatengenezwa kwa gesi nyingine, butadieni, hiyo inaleta kansa ya damu, na kiwango chake kazini Marekani kilishushwa 1996 kutoka sehemu 1000 kwa milioni hadi 1. Yaani miaka yote hiyo watu wanavuta tu.

Sasa huku kwetu vijana wa skrepa wanachoma nyaya wapate shaba, ule moshi mweusi unaowasha macho una asidi na una dioksini, sumu inayoleta kansa, na mara nyingi watoto wako hapohapo pembeni wanacheza. Menyeni kwa kisu jamani, inachosha najua, ila shaba isiyoungua hata bei yake iko juu kuliko iliyochomwa. Haya, nani ana swali?