Jinsi kundi linavyoripoti kwa ziara ya nchi kavu kutoka melini bila kutawanywa mabasi tofauti

Habari zenu. Video hii ni ya yule anayeongoza kundi kwenye meli ya kitalii: ukoo uliokutana kusherehekea jubilei ya wazazi, kwaya, chama cha akina mama, wafanyakazi wa ofisi moja. Tunaonyesha namna ya kuripoti kwa ziara ya nchi kavu mliyoinunua kwenye meli yenyewe, kuanzia tiketi inapofika kabini hadi mnapoketi ndani ya basi. Mfano wetu ni safari inayoanzia Miami, ikasimama Grand Cayman kisha Cozumel, Mexico. Tumezichagua bandari hizo kwa sababu Cozumel meli inafunga gatini, na Grand Cayman inatia nanga baharini na abiria wanapelekwa pwani kwa boti. Ukizijua hizo mbili, bandari nyingine nyingi hazitakusumbua.

Kwanza lielewe hili, maana ndilo chanzo cha vurugu nyingi za asubuhi: dawati la ziara halilijui kundi lenu. Linajua tiketi. Hata kama mlikata safari kwa wakala mmoja, mkapewa bei ya kundi na meza za jirani kwenye chakula cha jioni, kwenye orodha ya ziara kila kabini inasimama peke yake. Mfanyakazi anayepokea tiketi mlangoni haoni kwamba kabini 7 zilizotawanyika sitaha tatu ni za mama mmoja na watoto wake. Mkitaka kukaa pamoja, mtajikusanya ninyi wenyewe, na mtafanya hivyo kabla ya kufika kwake.

Kazi inaanza siku mliyopanda meli. Kiongozi nenda dawati la ziara ukiwa na karatasi moja: jina la kila mtu kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya kabini, namba ya utambulisho wa ziara na saa ya kuanza. Mwombe mhudumu alinganishe na mfumo wake, mstari kwa mstari. Kinachotafutwa hapa ni tofauti ndogo. Ziara inayopendwa huuzwa kwa zamu, mathalani ya saa 08:00 na ya saa 08:30, kwa jina lilelile na picha ileile. Binamu aliyenunua kwa simu yake wiki moja baada yenu anaweza kuwa zamu ya pili na asijue. Siku ya kwanza nafasi bado zipo na kumhamisha ni jambo la dakika mbili. Asubuhi ya ziara, mabasi yakiwa yamejaa, haiwezekani.

Hapohapo omba iandikwe kwamba watu wenu wawekwe basi moja. Basi kubwa la watalii hubeba watu wapatao 50, kwa hiyo kundi la 18 linaingia bila shida. Mkizidi 40, ulizia basi la peke yenu. Hilo hulipiwa kwa gari zima wala si kwa kichwa, na wengi hushangaa kukuta tofauti ya bei si kubwa. Ila liulizie majuma kadhaa kabla ya safari, kwa sababu meli haina mabasi. Inakodi kwa kampuni za pale bandarini.

Sasa tiketi. Meli nyingine huileta ya karatasi kabini, nyingine huiweka kwenye programu ya simu. Tumeikuza hapa kwenye skrini. Tazama jina na kabini, kisha namba ya utambulisho wa ziara, tarehe, bandari, mahali pa kukutania na saa. Saa hiyo ni ya kuripoti, si ya basi kuondoka. Na hiki kipande chenye alama za kukatia, usikichane mwenyewe. Mfanyakazi ndiye anayekichukua na kukihesabu. Kila mtu ana tiketi yake, mtoto wa miaka minne naye anayo.

Mahali pa kukutania pasome mara mbili. Kuna sehemu mbili za kawaida. Ya kwanza ni ukumbi wa maonyesho, humohumo melini. Ya pili ni gatini, yaani unashuka meli mwenyewe na kuwakuta wenye vibao nje. Kundi linapogawanyika tangu mwanzo, mara nyingi nusu wako ukumbini wamekaa wanangoja, na nusu wako gatini wanapigwa jua, kila upande unaamini mwingine umechelewa. Kama tiketi inasema gatini, toka kabini dakika 30 kabla: lifti zinajaa, foleni ya kutoka inaweza kupanda ngazi hadi sitaha ya juu, na magati ya Cozumel ni marefu kwa mzee anayetembea polepole.

Kuhusu saa, tuna mitego miwili, na mmoja ni wetu sisi Waswahili. Tiketi imeandikwa 07:45. Mama atasema saa 1:45 asubuhi, na yuko sahihi. Ukituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp ukaandika “tukutane saa 1:45”, kijana aliyekulia Toronto au Minneapolis atasoma ni mchana. Andika 07:45 kama tiketi ilivyo, kisha ongeza “yaani saa moja na dakika 45 asubuhi”. Usiache moja.

Mtego wa pili ni simu. Miami hubadilisha saa, Cozumel na Grand Cayman hazibadilishi. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba saa ya Miami iko mbele kwa saa moja. Meli ikiamua kubaki na saa yake, simu ikishika mtandao wa nchi kavu inajirudisha nyuma yenyewe. Ukumbini ni 07:45, simu ya shangazi inasema 06:45, naye anaoga bila haraka. Zima mpangilio wa saa ya kujibadilisha, au vaeni saa za mkononi mlizorekebisha mkiwa melini. Kinachofuatwa ni saa ya meli, ile inayotangazwa na kuandikwa kwenye ratiba ya siku.

Na kwa kuwa tumegusa WhatsApp: baharini haifanyi kazi bila kununua intaneti ya meli, na mtandao wa simu wa melini ni ghali mno. Kwa hiyo maelekezo yote yatolewe jana yake usiku, kwa mdomo, kwenye chakula.

Asubuhi yenyewe msikutane mlangoni mwa ukumbi. Chagueni sehemu ya wazi sitaha ileile, mathalani karibu na ngazi kuu, dakika 20 kabla ya saa iliyo kwenye tiketi. Hapo kiongozi anahesabu watu na kukagua vitu vinne kwa kila mmoja: kadi ya kabini, kitambulisho chenye picha kwa watu wazima, tiketi, na dawa kama anazo. Wanaohitaji choo waende sasa. Mikoba ifunguliwe vilevile, matunda yatoke. Ndizi na tufaha za bufee, nyama, mkate wenye kujazwa vitu, vyote ni marufuku kushuka navyo bandari nyingi, na sehemu nyingine kuna faini. Biskuti zilizofungwa kiwandani na chupa ya maji kwa kawaida hazina neno.

Mkitimia, ingieni kwa msururu mmoja. Kiongozi awe mbele, aseme kabla ya tiketi ya kwanza kuskaniwa: “Tuko 18, tunaomba sote stika za namba ileile ya basi.” Sababu ni hii. Mfanyakazi ana karatasi ya stika za namba 6, akizimaliza anafungua za namba 7. Zikiwa zimebaki tano tu, watano wenu watapewa 6 na 13 watapewa 7, bila yeye kukusudia ubaya wowote. Ukimwambia mapema, atawaweka pembeni kidogo, atamalizia zile tano kwa watu wengine, kisha atawafungulia 7 wote. Ukimwambia baada ya stika kubandikwa, amekwisha kuhesabu.

Usichukue stika ya mtu ambaye hajafika. Inaonekana kama kumsaidia, kumbe mnaharibu hesabu: mwongozaji wa basi anapewa idadi kulingana na stika zilizotoka, na akikuta watu wenu 17 badala ya 18 basi zima linasimama kumsubiri mtu aliyelala. Aliyechelewa aje mwenyewe. Akikuta namba 7 imeshatoka, atapangiwa 8 na mtakutana hukohuko kwenye ziara.

Stika ibandikwe kifuani, upande wa juu, juu ya nguo. Sio kwenye mkoba, sio mkononi, na kwa akina mama wanaojifunika khanga au mtandio, ibandikwe kwenye vazi la nje linaloonekana. Watoto wabandikwe mgongoni, hawaichezei. Kisha kaeni safu moja. Namba yenu ikiitwa, simameni pamoja na kumfuata mwenye kibao.

Mlangoni pa kushukia kila mtu anaskani kadi yake mwenyewe. Mashine inalia na picha yake inatokea kwa mlinzi. Wanandoa wakibadilishana kadi, picha inayotokea si ya aliyesimama pale, foleni yote inasimama. Wazazi, kadi ya mtoto iwe mkononi mwa mtoto au ya kwanza kwenye pochi yako. Mlio huo ndio rekodi ya nani yuko nje ya meli, na jioni ndiyo itakayotumika kumtafuta asiyerudi.

Grand Cayman hakuna gati la meli kubwa. Mnateremshwa hadi sitaha ya chini, mnaingia boti inayowapeleka George Town. Wenye tiketi ya ziara hawahitaji namba ya foleni ya boti. Kuripoti ukumbini kunatosha. Wanaoshuka kwa matembezi yao ndio wanaochukua namba, na mara nyingi hungoja ziara zishuke kwanza. Boti inapanda na kushuka na mawimbi: mikono yote miwili iwe huru, mabaharia wakikushika kiwiko waache wakushike, na panda wanapokwambia panda. Kama mna mtu wa kiti cha magurudumu, hasa cha umeme, ulizeni siku ya kwanza, kwa sababu kiti kizito huenda kisiruhusiwe botini, na bahari ikichafuka hata chepesi kitazuiwa.

Bandari za boti ndizo zinazoadhibu kundi lililonunua nusu nusu. Mfano mkali ni Santorini, Ugiriki. Waliokata ziara ya meli kwa kawaida hupelekwa bandari ya Athinios ambako mabasi yanawasubiri. Waliojitegemea hushushwa bandari ya zamani chini ya mji wa Fira, na hapo wapande kwa gari la kamba au kwa miguu, ngazi karibu 600. Ndugu waliotoka meli moja wanajikuta bandari mbili.

Cozumel ni rahisi kushuka ila kuna wingi wa watu. Siku yenye shughuli meli kadhaa hufunga kwa wakati mmoja, na mwisho wa gati mnakuta vibao vingi vyenye namba zilezile. Namba 7 ya meli ya jirani si yenu. Soma jina la meli kwanza, namba baadaye. Ziara ya magofu ya Tulum inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu Cozumel ni kisiwa na Tulum iko bara: mnapanda feri hadi Playa del Carmen, takriban dakika 45, ndipo basi. Mnahesabiwa mara nyingi njiani, na feri hiyo huyumba. Anayetapika kirahisi anywe dawa yake kabla ya kuripoti, kwani akishaanza kuumwa dawa haimsaidii sana.

Ziara za kupiga mbizi, kuteleza kwenye kamba au kuendesha magari ya matope zina fomu ya kukubali hatari. Wa chini ya miaka 18 husainiwa na mzazi au mlezi halali. Shangazi hakubaliki kila mahali, kwa hiyo mpwa asiye na wazazi safarini aje na barua yao. Mpiga mbizi mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo ataulizwa cheti cha daktari. Asipokuwa nacho atazuiwa pale ufukweni, na fedha hazirudi.

Kwenye basi, piga picha ya ubao wa kioo cha mbele na namba ya gari. Wagawe watu wawili wawili, kila mmoja amjibie mwenzake. Mwongozaji akiuliza, kiongozi anauliza jozi 9 badala ya majina 18.

Kurudi, jueni saa ya mwisho ya kupanda, ambayo meli nyingi huiweka dakika 30 kabla ya kuondoka, na bandari za boti huwa mapema zaidi. Ziara ya meli ikichelewa, meli inawasubiri au inawapeleka bandari inayofuata kwa gharama yake. Aliyechukua teksi ya mtaani hana dhamana hiyo, hata kama tiketi ya safari mlikata pamoja.

Mwisho ni fedha. Kufuta ziara kwa kawaida kunataka saa 24 hadi 48 kabla ya kufika bandarini, na zenye ndege au treni zinataka muda mrefu zaidi. Nahodha akiiruka bandari, fedha hurudishwa kwenye akaunti yenu ya melini bila kuomba. Lakini ziara ikifanyika nusu, labda mvua imekatiza au kituo kimoja kimerukwa, nendeni dawatini jioni ileile mkiwa na namba ya stika na jina la mwongozaji. Kila kabini ijaze malalamiko yake. Kiongozi akijaza moja kwa niaba ya wote, itarudishwa fedha ya kabini yake tu.