Kutoka Mfuko Hadi Mafuta: Kazi Inaanzia Mezani

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Mezani hapa nimeweka vitu vitano: mfuko mwepesi wa plastiki, kifuniko cha chupa, chupa yenyewe ya maji, kipande cha bomba la kijivu, na kichupa cha kioo chenye mafuta ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mafuta hayo yalikuwa mifuko kama huu. Ukiyanusa utapata harufu kali, kama mafuta ya taa yaliyochanganyika na moshi wa mshumaa uliozimwa sasa hivi. Watu wakiyaona huniuliza tanuri linafika nyuzi ngapi. Jioni hii naomba tuulizane jambo jingine: humo ndani ya tanuri kumetiwa nini?

Polithini ya mfuko huu ni mnyororo mrefu wa kaboni, na karibu kila kaboni imeshika hidrojeni mbili. Mnyororo mmoja unaweza kuwa na maelfu ya kaboni. Petroli nayo ni kaboni na hidrojeni vilevile, ila minyororo yake ni mifupi, kaboni 4 hadi 12 hivi. Ya dizeli inaanzia kama 10 na kufika 20 na ushei. Basi mfuko na mafuta ni ndugu waliopishana kimo. Ukiukata mnyororo, umepata mafuta.

Kinachoukata ni joto, mradi hewa isiingie. Mchoma mkaa anaijua kazi hii. Hufukia magogo kwa udongo ili yaive bila kuwaka, na akisahau tundu moja, asubuhi anakuta majivu. Pirolisisi ya plastiki, yaani kuikata kwa joto bila hewa, ni ya ukoo huohuo. Plastiki hufungiwa ndani ya chombo cha chuma kisichopitisha hewa, huyeyuka, na ikifika kati ya nyuzi 400 na 500 za sentigredi minyororo hukatika na kugeuka mvuke. Mvuke hupitishwa kwenye bomba linalopozwa kwa maji, ukadondoka mafuta. Ule usiokubali kupoa ni gesi, na gesi hiyo hurudishwa chini ya chombo iendeleze moto. Chini ya chombo hubaki masizi. Kwa polithini safi na polipropilini, plastiki nyingine ya kaboni na hidrojeni tupu, mtambo mzuri unaweza kutoa kiasi cha asilimia 70 hadi 80 ya uzito kama mafuta.

Joto lakini halina kipimo cha fundi, hukata popote. Kinachodondoka ni petroli, mafuta ya taa, dizeli na nta, vyote vimeungana. Mvuke ukitoka upesi mno, vipande virefu hutoroka kabla ya kukatwa tena, na unaona nta nyeupe ikiganda kwenye bomba. Wengine huweka zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana, kuwa kichocheo: mnyororo hukatika kwa joto la chini zaidi na vipande hutoka vifupi.

Sasa tuje kwenye beseni hili la maji. Natia kipande cha mfuko: kinaelea. Kifuniko: kinaelea. Natia kipande nilichokata kwenye chupa. Kinazama. Bomba: linazama. Polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, na hizo mbili ndizo tunazozitaka tanurini. Angalieni tu maboksi meupe ya povu. Yanaelea kwa sababu ya hewa iliyomo, na polistirini yake hutoa mafuta ya namna nyingine kabisa, yaliyojaa stirini.

Hivi vilivyozama ndivyo vinavyoharibu kazi. Chupa ya maji ni plastiki iitwayo PET, na theluthi ya uzito wake ni oksijeni. Umeziba kila tundu la hewa, kumbe oksijeni umeiingiza mwenyewe mlangoni! Mwanzoni mwa kazi yangu niliwahi kuacha chupa chache zipite pamoja na mifuko, nikiona ni kidogo, hazitadhuru. Matone yalipungua, kisha yakakoma, huku geji ya shinikizo ikipanda. Tulizima moto, tukasubiri chombo kipoe hadi usiku, na tulipofungua bomba la kupozea tulilikuta limezibwa na unga mweupe, mgumu kama chokaa. Ni asidi ya tereftaliki, inayoganda pale inapokutana na baridi. Laiti tungeendelea kuchochea moto, chombo kingepasuka kikiwa kimejaa mvuke wa mafuta. Sijaisahau ile geji.

Bomba la kijivu ni baya zaidi. Ni PVC, na asilimia 57 ya uzito wake ni klorini. Kabla hata ya nyuzi 300 huanza kutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi inayokula chuma na kuunguza mapafu. Namna ya kuitambua iko tangu 1872, ya mkemia Beilstein. Chukua waya wa shaba, uchome hadi uwe mwekundu, uguse plastiki, kisha urudishe motoni. Tazameni... mmeona ule mwali wa kijani? Hiyo ni klorini.

Kuna video nyingi za mtu na pipa lake uani akikinga mafuta kwenye ndoo. Nawasihi msiige. Mafuta mabichi haya yana petroli ndani yake, kwa hiyo mvuke wake hudaka moto hata pasipo joto la jua. Yanahitaji kuchemshwa upya na kutenganishwa, na hata hapo, yakikaa ghalani, hufanya ulimbo unaoziba vichujio vya injini.

Wala tusidanganyane kuhusu hewa. Kilo moja ya polithini ikiungua yote hutoa takriban kilo 3.1 za kaboni dioksidi, iwe imeungua kama mfuko au kama dizeli. Plastiki safi inayoweza kuyeyushwa na kufinyangwa tena, mimi naona ni hasara kuifanya mafuta. Tanuri liachiwe mifuko iliyochakaa na vifungashio ambavyo mfinyanzi wa plastiki amevikataa, vikiwa vimeoshwa, vimekaushwa na kupita kwenye beseni na waya.

Maswali tutayapokea hapahapa mezani. Kila mmoja alete plastiki aliyokuja nayo, chupa, kalamu, kiatu, tuipime. Waya bado wa moto, kwa hiyo aushike aliyevaa glavu tu.