Sikumfukuza mama yangu Ujerumani, najibu mara hii moja tu

Haya jamani, karibuni tena, leo sijapaka hata poda, mtoto kalala kwahiyo naongea taratibu na akiamka ndio video imeisha.

Hili swali nilisema sitalijibu. Lakini kila nikipost kitu, hata nikipost kalimati, mtu anashuka huko chini anaandika "dada ni kweli ulimrudisha mama?" Mwingine anauliza kama mama na mume wangu walishindwana. Wiki iliyopita mmoja kaandika mnaenda kuogesha vikongwe vya kizungu, mama zenu mnawafukuza. Hiyo imeniuma sitaki kudanganya, kwasababu nusu yake ni kweli, mimi kazi yangu ni kulea wazee, naamka saa kumi alfajiri naenda kumuogesha mama wa mtu na mama yangu yuko Pongwe, Tanga, anajichotea maji.

Najua nikieleza mtasema naringa mama kapanda ndege. Nikitaja hela mtasema nalia njaa na niko Ulaya. Semeni yote mawili, nimeshazoea.

Mama alikuja. Na aliyeomba kurudi ni mama mwenyewe, wiki tatu kabla ya tiketi yake. Kubadilisha tarehe nimelipa mimi, euro 140, kwahiyo huyo anayesema nilimfukuza ili nibane matumizi aje anionyeshe nilibana nini hapo.

Kumleta kwenyewe sasa. Tulianza nikiwa na mimba ya miezi mitano, nikasema safari hii silali arobaini peke yangu kama mtoto wa kwanza. Pasipoti laki na nusu, sawa. Tatizo likaja jina. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa mama kaandikwa Mwanahamisi, kwenye kitambulisho cha NIDA kaandikwa Mwanahamis, na pasipoti ikafuata NIDA. Herufi moja! Herufi i. Sasa utathibitishaje huyu Mwanahamis ndiye aliyemzaa mtoto wa Mwanahamisi? Kiapo kwa wakili, nauli za kwenda mjini na kurudi, binamu yangu wa kumsindikiza naye anataka hela ya chakula, na huyo binamu ndio leo anaongoza kusema nimemtesa shangazi yake. Haya.

Huku na mimi natafuta karatasi ya dhamana. Karatasi yenyewe euro 29 tu, ila unachosaini ndio kizito, kwamba mgeni akiugua, akikwama, akigoma kuondoka, gharama zote juu yako. Wanaangalia mshahara baada ya makato, kodi ya nyumba shilingi ngapi, watoto wangapi. Mimi likizo ya uzazi ilikuwa inakaribia, na ukimaliza zile wiki nane baada ya kujifungua hupati mshahara mzima, unapata kama theluthi mbili, kwahiyo ikabidi asaini mume wangu. Huyohuyo mnayesema hakumtaka mama mkwe wake. Anafanya zamu za usiku ghala la vifurushi, kasaini.

Ombi la kwanza likakataliwa. Sitaji ofisi wala mtu. Inakuja fomu ina visanduku, kimoja kimepigwa tiki, kwamba wana mashaka kama ataondoka kabla viza haijaisha. Euro 90 ya ombi hairudi, hiyo ni zaidi ya laki mbili na nusu za kwetu. Mama kwenye simu ananiuliza, "Hukuwaambia nina kuku? Nina shamba la mihogo? Wanadhani nani atawalisha?" Tukarudi upya na hati ya shamba, barua ya serikali ya mtaa, bima ya safari inayofika euro elfu 30, na 90 nyingine. Akapata. Lakini alivyofika mtoto ana wiki tano, arobaini yenyewe inaishia.

Mkunga wa huku nimpe haki yake, siku kumi za mwanzo anakuja nyumbani kila siku, bima inalipa, anapima mtoto, anaangalia kidonda, anakufundisha kunyonyesha. Ila mkunga hakandi mtu. Mama kafika Jumanne, Jumatano asubuhi nishawekwa kwenye beseni nakandwa maji ya moto mpaka nalia, wiki ya tano hiyo, anasema bora kuchelewa.

Wiki mbili za kwanza tulikuwa peponi. Sasa ikaja Jumapili. Mama kabeba kinu kidogo kutoka Tanga kwenye begi, kilo tatu za mzigo kinu, akaamua kutwanga viungo vya pilau saa nne asubuhi. Huku Jumapili hutwangi, hutoboi ukuta, hata mashine ya kukatia majani huwashi. Jirani wa chini kapanda, kaongea na mimi kwa adabu zote, hakufoka, lakini mama kaona sura yangu akajua. Hakukigusa tena kile kinu. Nilimwambia siku za kazi twanga tu mama, akasema basi mwanangu, si nitakula pilau Pongwe.

Na kulikuwa na hii ya majirani. Mama anashuka na mjukuu mgongoni, kila anayepita anamsalimia, wanaitikia vizuri wanapita zao. Siku ya nne ananiuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Hivi nyie na majirani mmegombana?" Nikamwambia hapana mama ndio walivyo. Hakuniamini. Mpaka leo nafikiri anaamini tuna ugomvi na jengo zima.

Halafu jua. Mnasema sana kuhusu baridi, baridi sisemi. Juni magharibi huku inaingia saa tatu na nusu usiku, isha mpaka karibu saa sita, na alfajiri haikawii. Mama amezoea saa moja kaswali, saa tatu kalala. Alikuwa anakaa dirishani na kanga yake kichwani anasubiri jua lizame, linagoma. Mchana mimi nina mtoto mchanga, mume kalala katoka zamu, mkubwa yuko chekechea, mama hana wa kuongea naye, TV haielewi. Siku ya sitini na kitu akaniambia, mwanangu nimekuona, wajukuu nimewapakata, nirudishe. Nililia, sikatai. Nilimkasirikia pia, kwa siku mbili, nikihesabu ile hela yote.

Mnaosema si umpe makaratasi akae kabisa. Kuna sheria huku ilianza kazi 2024, mfanyakazi mwenye ujuzi aweze kuleta wazazi, nikapiga vigelegele hapa sebuleni. Kusoma vizuri, ni aliyepata kibali chake cha kwanza cha ujuzi kuanzia tarehe 1 Machi 2024. Changu ni cha 2022! Nilikuja mapema, ndio kosa langu. Na hao wa 2024 wenyewe wana mtihani wa bima ya afya, bima ya umma haimpokei mzazi hivihivi, utafute ya binafsi, na mama ana miaka 66 na presha. Lakini hayo ni mimi na hali yangu, kuna watu wamefanikiwa, usije ukafuta safari ya mama yako kwasababu ya video yangu. Kuna mama wa rafiki yangu alikuja akapata marafiki wengi kwenye bustani kuliko hata mwanae, anasubiri kurudi.

Na hela ya watoto mnayoisema, kwamba tunalipwa kuzaa, mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mtoto kwa mwezi. Nina wawili, pigeni hesabu. Kodi yangu na umeme inameza karibu mara mbili yake.

Mama nimeongea naye jana, kuku wanne wameibiwa alivyokuwa huku, na hilo nalo kanihesabia mimi. Kasema nisiseme mambo ya kinu mtandaoni. Nimeshasema.

Haya mtoto anajinyonganyonga huko. Na wale mnaoniandikia inbox "dada nitumie mwaliko", dhamana simsainii mtu nisiyemjua, hata uwe wa Tanga, hata uwe wa Pongwe. Msinune.