Dohani za New Amsterdam

Ndugu zangu, tukitaja zimamoto, wengi wetu huona gari jekundu na king'ora. Leo naomba tuanze na dohani chafu.

Mwaka 1647 Peter Stuyvesant alifika New Amsterdam, mji mdogo wa Waholanzi kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan, New York ya leo, kuja kuuongoza kwa niaba ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Magharibi. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao, mapaa ya matete, na hata dohani zenyewe ni za mbao zilizokandikwa udongo. Baridi ya kule haikuruhusu moto kuzimwa usiku. Cheche moja kwa jirani, na upepo wa baharini ukivuma, mtaa mzima umekwisha.

Mapema mwaka 1648 Stuyvesant na baraza lake wakapiga marufuku ujenzi wa dohani za mbao. Wakateua wakaguzi wanne, wenyeji wa mji, wapite nyumba hadi nyumba kutazama masizi. Dohani yako ikikutwa chafu, faini gilda 3, fedha ya Waholanzi. Nyumba ikiungua kwa uzembe wako, gilda 25. Na fedha hizo zilinunua ndoo za ngozi, ngazi na kulabu za kuangushia mapaa yanayowaka. Hapa ndipo ninapouona mwanzo wenyewe wa zimamoto ya jamii: moto wa jikoni kwako umekuwa jambo la mji, na uzembe wako unalipia ndoo itakayomwokoa jirani.

Faini hazikutosha. Miaka kumi hivi baadaye kila nyumba ikatozwa ngozi moja ya biva, yule mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalikuwa kama fedha kule, au gilda 8. Mafundi viatu wa mji wakashona ndoo. Mwaka 1658 likaundwa doria la usiku: wanaume waliozunguka mitaani na vyombo vya mbao vya kupigia kelele, wakiona moto wanavitikisa mpaka watu wanaamka. Hapo safu mbili hupangwa toka majini: moja hupitisha ndoo zilizojaa, nyingine hurudisha tupu.

Ninaposema wenyeji, sitaki tuwasahau Waafrika waliokuwa watumwa wa Kampuni. Ngome na barabara za mji huo ni jasho lao, na historia ya mji isiyowataja ni pungufu.

Waingereza waliutwaa mji mwaka 1664 na kuuita New York. Mwaka 1731 zikaletwa pampu mbili kutoka London, na mwaka 1737 sheria ikaruhusu kuteuliwa kwa wazimamoto wa kujitolea, wasiolipwa, ila wakasamehewa zamu za jeshi la mgambo. Lakini pampu zile zilikuwa na tangi la kujazwa kwa mkono. Kwa hiyo safu za ndoo ziliendelea kupangwa, na aliyekuwa karibu bado alitakiwa kunyoosha mikono.