Daftari la dawa zilizogoma

Wa nyuma sogeeni, viti vya mbele havilipiwi. Tangazo limeandikwa "Akili mnemba na ugunduzi wa dawa", na najua wapo waliokuja kuona roboti. Roboti hakuna. Nimekuja kudai madaftari, na walionisikia mwaka jana wanivumilie tena.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza molekuli waliyoiita halisini. Iliwahi kuchunguzwa kwa ajili ya kisukari, ikaachwa. Kompyuta ikaiibua, na kwenye panya ikatibu maambukizi ya bakteria sugu. Msiende kuiulizia maduka ya dawa pale Soweto, hapa Mbeya. Toka kwa panya hadi kwa mgonjwa ni mbali. Habari hiyo kila mtu anaipenda. Mimi napenda ukurasa mnaouruka: kompyuta ile ilifundishwaje?

Ilipewa molekuli 2,335 ambazo watu walishazijaribu maabara dhidi ya bakteria wa E. coli. Zilizowazuia ni 120. Zaidi ya 2,200 ziligoma. Haya, hapo mwalimu ni nani? Zile 120 peke yake? Nendeni soko la Mwanjelwa mkamuulize mama wa viazi. Binti yake akianza kazi hamwonyeshi viazi vizuri tu. Anampa na vilivyooza, vya kijani, vilivyokatwa na jembe, avishike, avinuse. Bila hivyo binti atauziwa lumbesa nzima, juu vizuri chini uozo, na atasema asante. Kompyuta ndiye binti huyo. Na huyu alifundishwa vizuri: alipopekua molekuli elfu sita na ushee, zikachukuliwa 99 alizozisifu zaidi, zikajaribiwa. 51 zilifanya kazi.

Sasa njoo kwetu. Maabara niliyosomea, sitaitaja, kulikuwa na kaka mmoja aliyejaribu majani na magome miezi kumi na moja. Hakuna kilichozuia bakteria. Msimamizi akamwambia, "Huna matokeo," akambadilishia mada. Daftari lile nililikuta kantini, mama anafungia maandazi. Nilinunua maandazi manne nipate kurasa nne: jina la mti, mahali ulipochumwa, kiasi, tarehe, mwandiko safi kabisa. Kurasa nyingine zilishaondoka na wateja. Huna matokeo! Yule kijana alikuwa na matokeo ya miezi kumi na moja.

Mtu atasema: mwalimu, hatuna kompyuta kubwa. Nani amekuomba kubwa? RDKit, programu ya kuchambua molekuli, ni ya bure; AutoDock Vina, ya kukisia molekuli itakavyojishika kwenye protini, ni ya bure; zote zinaingia kwenye laptopu. Umeme ukikatika, unaendelea kesho. Mwingine atasema tukiandika siri za miti yetu tutaibiwa. Hilo naliheshimu, tuliwekee sheria. Ila mizizi ya okidi, yale maua ya nyanda za Kitulo, imechimbwa ikavushwa Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda, na hakuna aliyetumia kompyuta.

Nilikuwa na sehemu ya pili, maumbo ya protini na Nobeli ya kemia ya 2024, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Mtasoma wenyewe, iko wazi.

Wewe mwenye sweta la kijani. Uliniambia mlangoni majaribio yako yamegoma yote na unataka kuanza upya. Hilo daftari liko wapi sasa hivi?