Bia Isiyouzwa: Mazungumzo Kuhusu Kongamano la Wapika Pombe wa Nyumbani

ALOYCE: Karibu msikilizaji katika kipindi chetu. Mimi ni Aloyce, na niko pamoja na Dada Anna, mzaliwa wa Kilimanjaro anayeishi Ohio, ambaye hupika bia nyumbani kwake kwa mapenzi tu. Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya Homebrew Con, kongamano kubwa la wapika pombe wa nyumbani nchini Marekani, ambalo Dada Anna alilihudhuria mjini Pittsburgh mwezi Juni mwaka 2022. Dada, naomba uanze kwa kutueleza ni watu wa namna gani wanaokutana pale.

ANNA: Ahsante, Kaka Aloyce. Ni watu wa kila kazi. Nilizungumza na mafundi umeme, walimu, wahandisi, wauguzi na wastaafu, na wengi wao walikuwa wamesafirisha bia yao kwa gari kutoka majimbo ya mbali, ikiwa ndani ya mitungi ya chuma ambayo zamani ilitumiwa kwa soda, yenye ujazo wa lita 19 hivi. Mwaka ule ulikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu mwaka 2020 na 2021 kongamano lilifanyika mtandaoni kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19. Kwa hiyo watu walioingia katika ukumbi wa David L. Lawrence, ambao uko kando ya mto Allegheny, walikuwa na hamu ya kuonana ana kwa ana. Bia haionjwi kwenye skrini.

ALOYCE: Nilipokuwa nikijiandaa kwa kipindi hiki nilisoma kuhusu sheria, na nadhani msikilizaji hawezi kulielewa kongamano hili bila sheria hiyo. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia mwaka 1920 hadi mwaka 1933. Marufuku ilipoondolewa, watu waliruhusiwa kutengeneza mvinyo nyumbani, lakini bia ikaachwa nje, na hali hiyo ikaendelea kwa miaka 45. Ni mwaka 1978 ambapo Seneta Alan Cranston wa California alisimamia kipengele cha kuwaruhusu wananchi kupika bia nyumbani, na Rais Jimmy Carter akaitia saini sheria hiyo mwezi Oktoba mwaka huohuo. Mtu mzima mmoja anaruhusiwa galoni 100 kwa mwaka, sawa na lita 379 hivi, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi inaruhusiwa galoni 200. Hata hivyo, majimbo yalibaki na mamlaka yao, na majimbo ya mwisho kuhalalisha, yaani Alabama na Mississippi, yalifanya hivyo mwaka 2013 tu.

ANNA: Umetaja kiasi, lakini umeruka sharti ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha yote. Bia hiyo hairuhusiwi kuuzwa. Mtu anaipika kwa ajili yake, familia yake na marafiki zake, basi. Nilipofika Pittsburgh nilikuwa nikijiuliza kwa nini watu wale hawanifichi chochote. Ukimuuliza mpikaji ni kimea gani, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, ametumia, hakujibu kwa kuzungukazunguka; anakutajia uzito, joto la maji, aina ya hamira, na hata duka alikoinunua. Nikaja kutambua kwamba hana soko la kulilinda. Jirani akijua kupika bia nzuri kama yake, yeye hapotezi senti, bali anapata mtu wa kuonjeshana naye. Ukarimu ule nisingesema unatokana na tabia njema peke yake. Sheria yenyewe imeutengenezea mahali pa kukaa.

ALOYCE: Lakini ninafahamu kwamba baadhi yao baadaye hugeuka kuwa wafanyabiashara. Ken Grossman, kwa mfano, alikuwa na duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani katika mji wa Chico, California, kabla hajashiriki kuanzisha kampuni ya Sierra Nevada, iliyopika bia yake ya kwanza mwaka 1980. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ile nzima ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100, na leo vimepita 9,000. Je, hao waliofungua viwanda hawaanzi kuficha?

ANNA: Wengine huficha, bila shaka. Ila niliwaona wapikaji wa viwandani wakisimama kutoa mihadhara pale kongamanoni na kueleza kazi yao kwa undani ulionishangaza, kwa sababu wengi wao walijifunza katika mikusanyiko kama hiyo na wanajua walichopewa. Chama cha wapika bia wa nyumbani cha Marekani kilianzishwa mwaka 1978 huko Boulder, Colorado, na Charlie Papazian pamoja na Charlie Matzen. Kuna hata vikundi vilivyokitangulia, kama Maltose Falcons wa Los Angeles, ambao walianza mwaka 1974, yaani wakati jambo lenyewe halijawa halali.

ALOYCE: Tuingie ukumbini sasa. Nimesikia kuna usiku maalumu wa vikundi.

ANNA: Usiku huo ndio wanaousubiri kwa hamu kuliko yote. Kila kikundi hujenga kibanda chake, wanachama huvaa mavazi ya kuigiza, na bomba za bia hupangwa kwa safu. Kila mhudhuriaji ana bilauri ndogo ambayo hujazwa sehemu tu, na mitungi ya maji ya kunywa na ya kusuuzia iko kila kona. Nasisitiza hilo kwa sababu wapo wanaodhani ni ulevi mtupu. Mtu aliyekuja kuonja hawezi kumudu kulewa, maana ulimi wake utakufa kabla ya saa moja kwisha. Na pesa haitoki mfukoni kabisa kwenye vibanda. Ulishalipa kiingilio, na bia yenyewe unapewa na aliyeipika.

ALOYCE: Kati ya watu uliokutana nao, yupi amebaki akilini mwako?

ANNA: Mzee mmoja mstaafu, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Alikuwa na daftari lenye jalada lililolowa na kukauka mara nyingi, na kila ukurasa ulikuwa wa upishi mmoja: tarehe, kilo za shayiri, joto la kulowekea kimea, saa ya kutia hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, na chini kabisa, kwa wino mwekundu, maneno ya watu walioonja. Nilimuuliza kuhusu maji ya bomba, kwa sababu baadhi ya bia za nyumbani hunuka kidogo kama plasta ya kidonda. Alinieleza kwamba klorini iliyomo kwenye maji hukutana na viambato vya nafaka na kuzaa harufu ile, na kwamba kidonge cha metabisulfiti kikipondwa na kukorogwa ndani ya maji kabla ya kupika, klorini hiyo huondoka. Kisha akanimiminia bia nyeusi aliyoipika kwa maji hayohayo ya bomba, akanyamaza akinitazama usoni nilipokuwa nikinusa. Haikuwa na dalili yoyote ya ile harufu.

ALOYCE: Na wewe pia ulijitolea kuwasaidia majaji.

ANNA: Ndiyo, na ningemshauri kila anayehudhuria afanye hivyo, kwa sababu nilijifunza mengi zaidi pale kuliko kwenye mihadhara. Mwaka ule shindano la taifa lilianza kwa duru za awali katika miji mbalimbali, na duru ya mwisho ikafanyika kongamanoni. Msaidizi kazi yake ni kuleta chupa mezani, kuzifungua na kuweka kumbukumbu. Chupa hazina lebo, zina namba tu, na majaji hawajui nani amepika nini. Wanakaa wawili wawili au zaidi, kila mmoja anaandika peke yake kwanza, halafu ndipo wanazungumza. Alama zote ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, na mvuto wa jumla 10. Angalia mwonekano ulivyopewa alama chache, ilhali sisi wanywaji wa kawaida huanza kuisifu bia kwa rangi na povu.

ALOYCE: Uliwahi kuonja pamoja nao?

ANNA: Majaji wengi humpa msaidizi naye aonje, nao hawakuninyima. Meza yangu ilikuwa ya bia za ngano za mtindo wa Bavaria, Ujerumani. Chupa ya kwanza ilipofunguliwa nilishika ukingo wa meza, kwa maana harufu iliyotoka ilikuwa ya ndizi mbivu, ile ya mkungu uliofunikwa majani ukaiva vizuri, na nyuma yake harufu ya karafuu. Ndani ya bia ile hamna ndizi wala karafuu. Ni hamira peke yake inayofanya kazi hiyo: inapochachusha hutoa kiambato kiitwacho isoamili asetati, ambacho ndicho hasa kinachoipa ndizi harufu yake. Jaji mmoja aliona ndizi imezidi na karafuu imefifia, mwenzake akabisha, wakarudia kunusa kwa muda mrefu bila kukasirikiana. Mwishowe waliandika nusu ukurasa wa maelezo kwa ajili ya mtu wasiyemjua, wakimshauri apunguze joto la uchachushaji kwa nyuzi chache, kwani joto likizidi ndizi hupanda.

ALOYCE: Hapo, Dada Anna, Mchaga yeyote lazima afikirie mbege, pombe ya kwao ya ndizi na ulezi.

ANNA: Niliifikiria, na niliitaja pia. Yule mzee wa daftari alitaka nimweleze yote. Nikamwambia kwamba ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu, zikaachwa siku kadhaa ili zichachuke, na kwamba ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji, kisha vyote viwili huchanganywa. Alipouliza kinachotia uchungu nikamwambia ni gome la mti wa msesewe. Akaandika neno hilo herufi kwa herufi, akaniuliza kama gome linachemshwa pamoja na ndizi au linalowekwa pembeni, kwa sababu katika bia yao hopsi huchemshwa kwa saa nzima hivi ili uchungu utoke sawasawa. Ilikuwa faraja kubwa kwangu kuona mtu anaiuliza mbege maswali ya kitaalamu, maana nyumbani nimezoea kusikia ikiitwa pombe ya kienyeji kwa sauti ya kuidharau. Katika miongozo ya mitindo ya bia ya mwaka 2021, inayotumiwa na majaji wale, mbege haimo. Ukitaka kuishindanisha itabidi uiingize kwenye kundi la bia za majaribio, jambo ambalo halistahili kinywaji cha vizazi na vizazi.

ALOYCE: Ulimpa na vipimo?

ANNA: Hapana. Nilimweleza njia, lakini vipimo vya shangazi yangu sikuvitoa. Yeye hupika mbege ya kuuza, na ndiyo iliyosomesha watoto wake. Uwiano wake wa ulezi na ndizi, na kiasi cha msesewe, ndiyo mali aliyo nayo mbele ya akina mama wengine wanaouza katika kijiji kilekile. Kule Pittsburgh mtu anaweza kugawa kila anachojua kwa sababu mshahara wake unatoka kwingine. Shangazi yangu hana kwingine.

ALOYCE: Hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Ninaelewa riziki ya mama huyo, na ninaiheshimu. Lakini akina mama wa rika lake wanazeeka, wajukuu wao wako mijini, na ujuzi usioandikwa popote huzikwa na mwenyewe. Yule mzee akifariki, daftari lake litabaki kwenye kikundi chake. Je, kipimo cha shangazi kitabaki wapi?

ANNA: Kitabaki kwangu, kama akiridhia, na nimeanza kumwomba. Tofauti yangu na wewe ni kwamba mwenye kuamua awe yeye. Ninachokiona kinawezekana ni akina mama wenyewe kukutana, bila wanunuzi, wakaonjeshana na kuambiana ukweli kama wale majaji, kila mmoja akitoa anachotaka kutoa. Siku za harusi na matambiko mbege hupikwa kwa pamoja na hakuna anayeuza, na katika siku hizo nimewasikia wakielekezana mambo ambayo siku ya soko wasingeyatamka. Mahali pa kuanzia pako tayari.

ALOYCE: Kwa hilo nakubali. Na kwa msikilizaji aliyeko Marekani anayetamani kuhudhuria, ungemwambia ajiandae vipi?

ANNA: Ajue kwanza kwamba kongamano huhama. Mwaka 2023 lilifanyika San Diego, na mwaka 2024 lilifanyika Denver mwezi Oktoba, sambamba na tamasha kubwa la bia la nchi hiyo. Kabla ya kufunga safari atafute kikundi cha wapikaji mjini kwake, maana atakayefika na kikundi atakuwa na kibanda cha kusimama na kazi ya kufanya, wala hatazurura na bilauri kama mgeni. Ajue pia kwamba sheria inaruhusu bia, si gongo; kukeneka pombe kali nyumbani ni kosa la shirikisho, na pale ukumbini mambo hayo hayapo. Ale vizuri asubuhi, anywe maji kila baada ya kuonja, na awe na kalamu. Mimi daftari langu nimeanza kuliandika kwa Kiswahili, na ukurasa wa mbege nimeuachia nafasi ya vipimo hadi shangazi atakapojibu.