Nani Anajumlisha Chupa za Dripu?

Ndugu zangu wapasuaji, wataalamu wa usingizi, na ninyi wauguzi mnaobaki na mgonjwa sisi tukishaondoka, naomba tuanze na hesabu ya dripu.

Mgonjwa ana kilo 60. Anaondolewa kipande cha utumbo mpana, upasuaji wa kupangwa, kazi ya saa tatu, damu iliyotoka ni mililita 300. Tufuate kanuni za zamani kama zilivyo. Hajala tangu usiku: mililita 100 kwa kila saa, saa 10, hiyo ni lita moja ya kufidia. Kabla ya ganzi ya mgongo, nusu lita. Mahitaji ya kawaida kwa saa tatu, mililita 300. Damu ifidiwe mara tatu yake, 900. Halafu ile inayoitwa nafasi ya tatu, yaani mahali mwilini panapodhaniwa maji hujificha wakati wa upasuaji, mililita 8 kwa kila kilo kwa kila saa: 1,440. Jumla mililita 4,140, na kila aliyefungulia chupa alikuwa na sababu yake. Akifika wodini anaandikiwa lita tatu nyingine za kumfikisha asubuhi. Lita saba. Kama zote ni chumvi ya asilimia 0.9, mtu huyo ameingiziwa gramu 63 za chumvi ndani ya siku moja.

Sasa tuhesabu alichopoteza kweli kule mezani. Mvuke unaotoka tumbo likiwa wazi, hata matumbo yakiwa yamewekwa nje, haupiti sana mililita moja kwa kilo kwa saa: 180. Mkojo, 90. Damu, 300. Jumla 570. Lita tatu na nusu zilizozidi zimekwenda wapi? Mpandisheni kwenye mizani asubuhi, mtaziona. Zimo miguuni, zimo mapafuni, na zimo ndani ya ukuta wa utumbo uleule mlioushona.

Hapa ndipo ninapoletewa nafasi ya tatu kila mara, kwa hiyo tuimalize. Wazo lenyewe linatokana na kazi ya Tom Shires na wenzake, Marekani, 1961. Walipima maji yaliyo nje ya seli kwa kemikali yenye mionzi, wakaona yamepungua baada ya upasuaji, wakahitimisha kwamba yamejificha mahali. Tatizo lilikuwa kipimo: kemikali haikupewa muda wa kutosha kusambaa. Waliopima baadaye kwa kusubiri zaidi hawakuyakuta maji yaliyopotea. Mara nyingi waliyakuta yameongezeka, kwa sababu ya dripu. Tumeendelea kuijaza nafasi hiyo kwa mililita 8, wengine 10, wengine 15, na uvimbe tunaouona mwishoni tunauita ushahidi kwamba mgonjwa alihitaji maji. Uvimbe huo tumeutengeneza wenyewe!

Na una gharama. Ukuta wa utumbo ukijaa maji, misuli yake haikazi vizuri, utumbo unalala. Mgonjwa hatoi hewa, anatapika, tumbo linajaa. Nyuzi zinakata tishu laini iliyovimba. Oksijeni inasafiri umbali mrefu zaidi kutoka mshipani hadi kwenye seli zinazotakiwa kuponya mshono. Mshono ukivuja, mara nyingi mnaujua siku ya tano, ya sita au ya saba, na kufikia hapo hakuna anayefungua karatasi ya dripu ya siku ya kwanza. Brandstrup na wenzake, Denmark, walichapisha mwaka 2003 jaribio la wagonjwa 172 wa utumbo mpana: waliopewa maji ya kawaida ya wakati ule, asilimia 51 walipata matatizo, waliobaniwa maji, asilimia 33.

Najua mtu atasema: basi tubane kabisa. Hapana! Jaribio la RELIEF la mwaka 2018, wagonjwa 3,000, lilionyesha upande wa pili. Waliobaniwa sana waliumia figo kwa asilimia 8.6, waliopewa kwa uhuru, asilimia 5. Kwa hiyo lengo langu ni hili: mgonjwa atoke mezani amezidisha lita moja hadi mbili juu ya alichopoteza. Asiwe na sifuri, wala asiwe na nne. Na nazungumzia upasuaji wa kupangwa. Mwenye utumbo uliojisokota au uliotoboka amepoteza lita kweli kweli, ndani ya utumbo na kwa kutapika. Huyo anafidiwa kwanza, tena haraka.

Pingamizi la pili ni mkojo. Wakati wa upasuaji mwili humwaga homoni ya kubana maji, hivyo mkojo kupungua peke yake si amri ya kufungua chupa. Wodini, kabla ya kupiga simu, angalieni mpira wa mkojo: umekunjika? Mgonjwa ameulalia? Kisha presha, mapigo, ubaridi wa mikono, dreni, ule mpira wa kutolea majimaji tumboni, ina damu? Mkiamua kujaribu, toeni mililita 250 kwa dakika 10 hadi 15, mkae hapo mkiangalia. Hajabadilika? Acheni, tafuteni sababu nyingine. Presha ikishuka kwa ganzi ya mgongo, mishipa imelegea, wala maji hayajapungua: efedrini, dawa ya kubana mishipa, miligramu 3 hadi 6 ndiyo jibu kwanza.

Muda unanibana, yaliyobaki nayapitia haraka. Chupa ya chumvi ina kloridi milimoli 154 kwa lita, damu ina kama 100. Kloridi ikizidi hubana mishipa ya figo na kuongeza asidi kwenye damu. Tumieni Ringa lakteti, dripu yenye kloridi kidogo zaidi. Gozi zipimwe uzito, gramu moja ni mililita moja ya damu. Mgonjwa apimwe kabla, kisha kila asubuhi, mizani ileile. Akiongezeka zaidi ya kilo mbili na nusu, simamisheni dripu na mfikiri. Vinywaji visivyo na makapi anywe hadi saa mbili kabla ya usingizi, na jioni ya upasuaji aanze kunywa tena. Akinywa vizuri, dripu itoke, isiachwe ikidondoka eti kwa tahadhari.

La ileostomi, yaani utumbo mwembamba uliotolewa nje kwenye ngozi ya tumbo, linahitaji kipindi chake, ila nisiondoke bila kulisema: kila lita inayotoka pale hubeba sodiamu karibu milimoli 100. Mgonjwa akitoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, msimwambie afidie kwa maji matupu, yatazidi kuisukuma nje. Apewe maji ya chumvi na sukari, na sodiamu ya mkojo ipimwe. Ikiwa chini ya milimoli 20 kwa lita, bado amekaukiwa.